Wiki Sita Milimani: Video Zetu Tuzihifadhi Vipi?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mpiga picha katika kikundi cha watu watatu tunaojiandaa kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wafugaji wa milimani ambao kila mwaka huhamisha mifugo yao kutoka bondeni hadi malisho ya juu. Tutakaa huko wiki sita. Gari litatufikisha kwenye kambi ya bondeni, na kutoka hapo tutapanda kwa miguu, mizigo ikibebwa na wanyama, hadi kambi za juu ambazo baadhi yake ziko zaidi ya mita 3,500 na hazina umeme wala mtandao wa simu. Mara moja kwa wiki gari litarudi bondeni kutuletea chakula, kisha litageuza kwenda mjini.

Tuna kamera mbili zinazorekodi video za 4K, droni moja ndogo na kompyuta mpakato moja. Tunakadiria kurekodi jumla ya saa 4 kwa siku, siku sita za kila wiki. Nimejaribu kupiga hesabu ya diski za kununua na kila mara napata jibu tofauti, kwa sababu mwongozaji wetu anataka turekodi kwa kiwango cha juu kabisa ambacho kamera zinaruhusu, yaani megabiti 400 kwa sekunde. Mwenzetu mwingine anasema tusijisumbue: tuchukue diski mbili kubwa, na kila jioni tupitie vipande vya siku hiyo kwenye kamera na kufuta vibovu ili kuokoa nafasi. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja ya kumjibu.

Je, tuchukue diski ngumu za kawaida, ambazo ni nafuu, au SSD, zile zinazohifadhi data kwenye chipu? Je, inafaa kufuta vipande vibovu tukiwa kambini? Na je, kuna maana ya kukodi kifaa cha intaneti ya setilaiti ili tutume video mjini kila siku? Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba uhamaji huu hutokea mara moja tu kwa mwaka. Tukipoteza picha, hatutaweza kuwaomba watu wale warudi bondeni na kupanda upya.

Mpiga picha anayejiandaa

*

Ndugu mpiga picha,

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuondoka, kwa sababu karibu kila jambo nitakalokueleza ni jepesi kulipanga mkiwa nyumbani na ni zito mno kulirekebisha mkishafika juu. Wasiwasi ulioutaja mwishoni mwa barua yako ni wa haki, na ninaomba uwe ndio kipimo cha kila uamuzi mtakaoufanya kuhusu vifaa.

Barua yako inauliza hasa kuhusu nafasi. Nafasi ni muhimu, lakini kwa maoni yangu si hiyo itakayowabana, maana diski hununuliwa na kubebwa. Kitakachowabana ni saa za usiku na umeme, vitu ambavyo hamtavipata kwa fedha yoyote mkiwa kwenye kambi ya juu. Kikundi kinaweza kuwa na diski za kutosha na bado kikapoteza picha kwa sababu kazi ya kunakili ilikuwa ndefu kuliko usiku wenyewe, watu wakachoka, na asubuhi mtu akafomati, yaani akafuta yote, kadi ambayo nakala yake ilikuwa nusu.

Tuanze na hesabu. Biti 8 hufanya baiti 1, kwa hiyo megabiti 400 kwa sekunde ni megabaiti 50 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni gigabaiti 180. Saa 4 kwa siku ni gigabaiti 720, na kwa siku 36 za kazi mtakuwa na karibu terabaiti 26, kabla hamjatengeneza hata nakala moja ya pili. Sasa tazama usiku wake. Diski ngumu ya kubebeka huandika kwa kasi ya megabaiti 110 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 720 huchukua kama saa 1 na dakika 50 kuandikwa, na muda kama huo tena kusomwa upya ili kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kwenye kadi. Fanya hivyo kwa diski mbili, moja baada ya nyingine, na umepita saa 7. Kompyuta inayokula wati 50 kwa muda wote huo itakuwa imemaliza wati-saa 350 kwa kazi ya kunakili peke yake, wakati betri za kamera na za droni nazo zinasubiri kuchajiwa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unamhusu mwongozaji wenu kabla ya kuhusu diski. Mara nyingi kiwango kile cha megabiti 400 hurekodi kila fremu ikiwa picha kamili inayojitegemea. Kamera nyingi zenye kiwango hicho hutoa pia chaguo la kati, la megabiti 140 au 150 kwa sekunde, ambalo huhifadhi picha kamili kila baada ya fremu kadhaa na kati yake huandika mabadiliko tu, huku likibakiza biti 10 za rangi ambazo mhariri atazihitaji katika kusawazisha rangi. Kwa mazungumzo, kwa mandhari, kwa mifugo inayotembea taratibu, tofauti ya viwango hivi viwili kwenye skrini ni ndogo mno. Gharama yake ni kwamba kompyuta hupata shida zaidi kuhariri faili za namna hiyo, lakini shida hiyo itamalizwa mjini kwa kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, mahali penye umeme. Kwa megabiti 150 mtapata gigabaiti 67.5 kwa saa, yaani 270 kwa siku, na chini kidogo ya terabaiti 10 kwa safari nzima. Megabiti 400 ziwekeni kwa matukio machache yanayostahili, kama vile kundi kuvuka mto au vumbi zito, ambapo karibu kila nukta ya picha hubadilika kwa wakati mmoja. Mwombe mwongozaji arekodi tukio moja kwa viwango vyote viwili na kuyatazama kwenye skrini kubwa bila kuambiwa lipi ni lipi, kisha aamue mwenyewe.

Kuhusu aina ya diski, mwinuko wa kambi zenu unalimaliza swali. Ndani ya diski ngumu ya kawaida kuna sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa utando mwembamba wa hewa. Hewa ikipungua, kichwa hicho hushuka karibu na sahani, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuitumia diski ikiwa inafanya kazi kwenye mita 3,000 hivi. Ongeza mtikisiko wa mzigo uliofungwa mgongoni mwa mnyama, na utaona kwamba unafuu wake wa bei haufai kwa kambi zenu za juu. SSD haina kitu kinachozunguka, haina kikomo hicho kikali cha mwinuko, na huandika kwa kasi inayofika mara kadhaa ya ile nyingine. Diski ngumu zitafanya kazi yake mjini, na nitaeleza jinsi gani.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Kambini muwe na mafungu mawili ya SSD. Fungu A ni diski tatu za terabaiti 4, ambazo hujazwa moja baada ya nyingine na hazishuki mpaka safari iishe. Fungu B ni SSD tatu za terabaiti 2 zinazopokezana kwenda mjini na kurudi. Kazi ya wiki moja ni kama terabaiti 1.6, kwa hiyo kila diski ya fungu B inabeba wiki moja, nayo hushuka na gari la chakula. Mjini tafuteni mtu mmoja mnayemwamini, atakayeipokea na kuinakili kwenye diski ngumu mbili za mezani za terabaiti 12 kila moja. Yeye ana umeme wa ukutani na hata kazi ikichukua usiku mzima haimdhuru mtu. Gari likirudi, liwaletee diski pamoja na taarifa yake ya maandishi kwamba nakala zote mbili zimehakikiwa. Bila taarifa hiyo, diski isifomatiwe hata kama imerudi, na hiyo ndiyo kazi ya diski ya tatu: kuwapa nafasi ya kusubiri. Kwa utaratibu huu mtakuwa na nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na angalau moja ikiwa mbali na kambi, jambo ambalo wahifadhi wa data hulifupisha kwa tarakimu 3-2-1. Mtu akiwashauri kununua sanduku la RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, badala ya haya yote, mwambieni kwamba diski zilizounganishwa hivyo ni mahali pamoja: faili ikifutwa kwa bahati mbaya hufutika kote, na sanduku likianguka majini huanguka lote.

Sasa nije kwenye jioni yenyewe, maana hapo ndipo picha hupona au hupotea. Mchagueni mtu mmoja awe mtunza data, na kazi hiyo isigawanywe. Kadi inapotoka kwenye kamera, kitufe chake kidogo cha kufunga kisukumwe papo hapo ili isiweze kuandikwa, na kipande cha utepe mwekundu kibandikwe juu ya kikasha chake. Mtunza data huifungua folda mpya yenye jina linalojieleza, kwa mfano 0612_A_03, yaani mwezi, tarehe, kamera na namba ya kadi, na kunakili ndani yake kadi yote kama ilivyo. Nasisitiza kadi yote. Ukifungua kadi za kamera nyingi utakuta folda ndani ya folda, na faili ndogo ndogo zinazoonekana hazina kazi. Huko ndiko kunakoandikwa taarifa kama saa za fremu na jinsi vipande vilivyokatwa kwa urefu vinavyoungana. Ukichukua faili kubwa za video peke yake na kuacha hizo, mhariri atajikuta akiunganisha kwa mkono kitu ambacho programu ingekisoma yenyewe.

Kunakili kwa kuburuta folda hakutoshi. Kompyuta ikisema kazi imekwisha, imesema tu kwamba imemaliza kutuma; na hata ukubwa wa faili kulingana hauthibitishi kwamba yaliyomo ni yale yale. Tumieni programu ya kunakili inayohakiki kwa hashi. Programu hiyo husoma faili yote ya asili na kuipatia mfuatano wa herufi na tarakimu, kisha huisoma nakala kutoka kwenye diski na kuipatia mfuatano wake. Hata biti moja ikiwa imebadilika, mifuatano haitafanana. Zipo za kulipia zilizotengenezwa kwa ajili ya wapiga picha, na zipo za bure kama TeraCopy, kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na rsync, ikiendeshwa mara ya pili kwa chaguo la --checksum. Nakilini kwanza kutoka kadi kwenda fungu A, hakikini, kisha kutoka fungu A kwenda fungu B, na kuhakiki tena kwa hashi zile zile za kadi. Kwa kisoma kadi chenye kasi na kadi za daraja la kasi la UHS-II, gigabaiti 270 huingia kwenye SSD kwa dakika 20 hivi, na mzunguko wote ukichanganya na kubadilisha kadi unakaribia saa moja. Kadi za UHS-I, daraja la chini yake, kwa kiwango chao rasmi hazipiti megabaiti 104 kwa sekunde, kwa hiyo mkizitumia kasi ya SSD mtakuwa mmeilipia bure.

Diski itolewe kwa amri ya kompyuta kabla kebo haijaguswa. Hili linaonekana dogo, lakini diski nyingi za kubebeka zimefomatiwa kwa mfumo wa faili uitwao exFAT ili zisomeke kwenye kompyuta za aina zote, na mfumo huo hauna kumbukumbu ya mabadiliko ya kuusaidia kujirekebisha ukikatizwa katikati ya kuandika. Nakala zote mbili zikishahakikiwa, mtunza data abandue utepe mwekundu na kubandika wa kijani. Utepe wa kijani ndio ruhusa pekee ya kufomati, na kufomati kufanyike ndani ya kamera itakayoitumia kadi. Chukueni kadi nyingi za ukubwa wa kati kuliko chache kubwa: kadi ya gigabaiti 128 inabeba karibu saa 2 kwa kiwango nilichotaja, kwa hiyo kadi 8 zinawapa siku tatu kabla ya kulazimika kurudia yoyote, na ikiharibika moja mmepoteza sehemu ya siku tu.

Kwa mwenzenu anayetaka kufuta vipande vibovu, hoja ni hii. Mkifuta hata sehemu moja ya kumi, mtaokoa gigabaiti 27 kwa siku, ambazo kwa safari nzima hazijazi hata terabaiti 1. Kwa kuokoa hicho mtakuwa mmewapa watu waliochoka, wanaotazama skrini ya vidole vichache kwenye mwanga wa taa ya kichwani, ruhusa ya kuamua kisichoweza kurudishwa. Kipande kilichotikisika kinaweza kuwa na sauti ya kengele za mifugo iliyo safi kuliko zote mlizonasa, au sentensi ya mzee ambayo mkalimani ataielewa uzito wake miezi miwili baadaye. Uhaba wa vifaa vya kurekodia umewahi kuwafanya hata watu makini wafute wasichopaswa: mwaka 2009 shirika la NASA lilieleza kwamba kanda asili za data zilizonasa matangazo ya Apollo 11 ya mwaka 1969 inaelekea zilifutwa na kutumiwa upya, katika kipindi ambacho kanda zilikuwa adimu. Picha zilizotangazwa na vituo vya televisheni zilibaki, lakini zile za asili, zenye ubora zaidi, hazikupatikana tena. Mwenzenu akiona kipande kibovu, aandike namba yake kwenye daftari. Mhariri ataamua.

Intaneti ya setilaiti isiwe njia ya kuhamisha video. Kifaa kinachopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika kitahitaji saa 60 kutuma kazi ya siku moja, na kitakula umeme muda wote huo. Kama bajeti inaruhusu, kichukueni kwa usalama wenu na kwa mawasiliano na mtu wa mjini. Orodha za hashi ni faili ndogo za maandishi zinazopita bila shida, na zikimfikia mapema ataweza kuhakiki diski siku ile ile inapofika.

Umeme nao upangwe kwa wati-saa na usikadiriwe kwa macho. Kompyuta kwa saa moja na robo, betri za kamera 8 za wati-saa 16 kila moja, na betri tatu za droni za wati-saa 40, vyote pamoja vinafika 300 hivi kwa siku. Paneli ya sola iliyoandikwa wati 100 kwa kawaida hutoa 60 hadi 70 jua likiwa zuri, kwa hiyo chukueni za wati 200 ili siku za mawingu zisiwakwamishe, na betri kubwa ya wati-saa 500 ya kuhifadhia. Betri hiyo haitaruhusiwa kwenye ndege ya abiria, kwani kikomo ni wati-saa 100, au 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Kama safari yenu ina ndege, ipangieni barabara. Chajini kompyuta na kamera moja kwa moja kutoka kwenye matundu ya USB au ya volti 12 inapowezekana, kwa kuwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hupoteza sehemu ya umeme kwa joto. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0, jambo ambalo huziharibu kwa ndani. Laleni nazo ndani ya mifuko ya kulalia na mzichaji jua likishapanda. Diski zinapoingizwa kutoka kwenye baridi hadi hema lenye joto, zibaki ndani ya mfuko uliofungwa mpaka zipate joto la hema, ili unyevu usigande juu ya viunganishi.

Mafungu mawili ya SSD yasilale kwenye begi moja, wala yasibebwe na mnyama mmoja. Siku ya kurudi, yasipande chombo kimoja ikiwa mna namna ya kugawana, na kwenye uwanja wa ndege yakae mikononi mwenu. Mashine za eksirei za ukaguzi hazidhuru SSD wala kadi.

Lililobaki ni kufanya zoezi. Wiki mbili kabla ya kuondoka, rekodini saa 4 kwa siku mbili mfululizo, zimeni umeme wa nyumba, na mtunza data afanye jioni nzima kwa betri na taa ya kichwani, tangu utepe mwekundu hadi wa kijani. Kisha chukueni diski moja ya fungu B, mpelekeeni yule mtu wa mjini bila maelezo yoyote zaidi ya yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, na mhariri afungue alichokinakili. Mahali ambapo mmoja wao atapiga simu kuuliza, hapo karatasi yenu ina pengo, na mna wiki mbili za kuliziba.